Barazani: Mchimbaji na Jiwe Lililo Juu Yake

Wiki hii sina budi kuanza kwa kujishtaki mwenyewe, maana nikianza kwa kuwashauri ninyi, mtaniuliza, "Na wewe je, mzee?"

Mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, aliniletea barua. Ana mtoto wa kiume wa miaka 12, ambaye akitoka shuleni huinamia michezo ya kompyuta hata chakula kikapoa. Mama auliza, je, amnyang'anye kabisa? Nalikuwa nimekwisha kumwandikia jibu kali, ukurasa mzima na nusu. Jibu lile nimelichana. Na sababu ya kulichana ni kwamba kabla ya hapo nalichana kitu kingine, ambacho hakikustahili kuchanwa.

Ilikuwa hivi. Mjukuu wangu akaa kwangu apate kusoma shule ya karibu. Jioni moja nalichukua daftari lake la hesabu, lile lenye miraba midogo, nitazame kazi yake. Katikati ya daftari nikakuta kurasa mbili zinazotazamana zimejaa alama: huku viduara, huku vinyota, huku miraba iliyotiwa wino mweusi. Nikamwuliza, "Hizi ni hesabu gani?" Akasema, "Ni pango, babu." Nikamwambia kwamba daftari la hesabu si la mapango, nami nikazitoa zile kurasa nikazichana mbele yake. Hakulia. Aliokota vipande akaenda zake. Siku tatu nzima alinipa shikamoo yake kama kawaida, akanijibu "Ndiyo, babu" na "Hapana, babu", basi, hakuna neno zaidi. Siku ya nne bibi yake akaniambia, "Mtoto alikuwa akilichora lile pango wiki tatu. Nenda ukamwulize umechana nini."

Nikaenda. Ninyi mlio wazazi mwajua jinsi safari fupi ya kutoka barazani hata chumba cha mtoto iwezavyo kuwa ndefu.

Alikuwa na kompyuta kuukuu ya mjomba wake, nayo imetiwa programu inayoifanya ijifanye mashine ya Atari ya zamani. Ndani yake mna mchezo uitwao Boulder Dash. Maana ya jina hilo ni kama kusema mbio za majabali, na masikioni mwa wenye Kiingereza chao lafanana sana na neno lao la "upuuzi". Nami kwa hakika nalikuwa nimekuja kuona upuuzi. Nikavuta kigoda.

Mchezo wenyewe waonekana mdogo. Kuna pango, nalo limegawanyika katika miraba kama daftari la hesabu, miraba 40 kwa upana na 22 kwa urefu. Pengine mraba una udongo, pengine jiwe, pengine almasi, pengine ukuta, pengine ni wazi. Ndani ya pango yumo mchimbaji aitwaye Rockford, kijitu chenye macho makubwa, sijui kama ni mtu au ni mdudu. Akipita penye udongo, udongo hutoweka, na nyuma yake hubaki njia. Kazi yake ni kuokota almasi. Katika pango la kwanza, daraja la kwanza, yatakiwa almasi 12 kwa muda wa sekunde 150. Akizitimiza, mlango wa kutokea hufunguka, naye sharti aufikie kabla saa haijaisha. Asipotaka kwenda, husimama akapepesa macho na kugonga chini kwa mguu wake, kama mtu aliyechoka kungoja basi. Nalimpenda kwa hilo.

"Basi, ni kazi rahisi," nikamwambia mjukuu wangu. Akanipa nafasi, wala hakusema neno. Kwa muda wa dakika tano nikafa mara saba.

Nitawaeleza jinsi nilivyokufa, maana ndiyo habari yote ya mchezo huu. Jiwe lililokaa juu ya udongo halisogei. Ukiuchimba udongo ulio chini yake, jiwe huanguka. Likikuangukia, umekufa. Lakini ukiwa umesimama chini ya jiwe lililotulia, yaani wewe mwenyewe umeshika mahali pa udongo, halikudhuru. Limekaa kichwani pako kama mtungi. Hapo sasa ndipo penye akili. Ukitoka kwa upande, jiwe litaanguka nyuma yako, nawe umesalimika. Ukienda chini, litakufuata. Hukimbia sawa na wewe, mraba kwa mraba, na siku utakayosimama kupumzika ndiyo siku yako. Mimi mara mbili nalikimbia chini hivyo, nikaona almasi upande wa kulia, nikasita kuitazama. Kusita huko kulinitosha.

Tena mawe haya ni kama ya duara. Jiwe likiwa juu ya jiwe jingine, na ubavuni mwake pakawa wazi hata chini, litabingirika. Almasi nazo ni hivyo hivyo. Huanguka, hubingirika, huua. Kwa hiyo ukichimba mahali pamoja, waweza kusikia ngurumo ya mawe mengi yakishuka upande mwingine, moja likimwachia nafasi mwenzake, hata njia uliyoikusudia kwa kurudia imezibwa. Jiwe moja waweza kulisukuma kwa ubavu, kama nyuma yake ni wazi. Mawili yaliyofuatana huwezi. Kulivuta huwezi kabisa. Nalisukuma jiwe langu katika njia nyembamba kwa furaha kubwa, kisha nikageuka kumwuliza kijana nalivuteje. Akanitazama kwa huruma akasema, "Hapo babu umejifunga mwenyewe."

Ni kweli. Na hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Katika vifo vyangu saba, sikuona hata kimoja ambacho naweza kumlaumu mwingine. Kila jiwe lililoniua nalilifungua kwa mkono wangu mwenyewe. Mchezo huu karibu wote huenda kwa sheria, nazo ni zile zile leo na kesho. Ukilichimba pango lile lile kwa njia ile ile na kwa mwendo ule ule, katika mapango mengi mawe yataanguka vile vile. Kwa hiyo mchezaji mwema husimama kwanza, akatazama juu, akahesabu, ndipo akachimba. Lakini saa nayo yapita. Kijana wangu hucheza hivyo: atulia, atazama, kisha vidole vyake vyaenda mbio kama mshona viatu.

Kuna na mambo mengine ya ajabu, ila sitayaeleza yote, kwa kuwa ukurasa huu ni mdogo. Kuna vimulimuli na vipepeo wanaozunguka kandokando ya kuta, nao wakikugusa umekufa. Lakini ukimwangushia kipepeo jiwe, hupasuka akageuka almasi, hata 9 kwa mara moja. Na katika pango moja, hiyo ndiyo njia ya kupata almasi. Kuna ukuta ambao jiwe likiuangukia hutoka chini yake likiwa almasi, na almasi hutoka ikiwa jiwe, nao hufanya kazi kwa muda mfupi tu. Tena kuna amiba, kitu cha kijani kinachokua na kutambaa katika udongo polepole. Ukiweza kuizunguka kwa mawe hata isipate pa kukua, yote hugeuka almasi. Ukichelewa ikawa kubwa mno, yote hugeuka mawe. Mjukuu wangu aipenda amiba kuliko yote. Mimi yanitia hofu.

Nikamwuliza nani alitunga haya. Hakujua, basi tukatafuta pamoja, na jioni ile tulizungumza zaidi kuliko mwezi mzima uliopita.

Mchezo huu ulitungwa katika nchi ya Kanada, mjini Toronto, na watu wawili. Kijana Chris Gray alikuwa ameandika mchezo wa kuchimba, akaupeleka kwa kampuni moja ya hapo mjini iliyotoa michezo. Mchezo wake haukuwa tayari kuuzwa. Wakati ule ule Bwana Peter Liepa, mtaalamu wa programu, alikuwa akitafuta kazi ya kutunga michezo, na kampuni ile ikawakutanisha. Liepa alipoanza kuuandika upya, aliona kwamba wafanana mno na mchezo mwingine uliokwisha kuwako, uitwao The Pit, wa mwaka 1982. Akauacha ulivyo. Akachukua vitu vile vya msingi tu, udongo, mawe na vito, akaanza kuvichezea kwa kujiuliza: jiwe likikosa kitu chini yake lifanye nini? Likiwa juu ya jiwe jenzie je? Kwa siku chache tu alikuwa amekwisha kuziweka sheria za mawe, na sheria hizo ndizo mchezo wenyewe.

Kisha akagundua jambo jingine lililompendeza sana mjukuu wangu, naye amenieleza mara tatu ili nilishike. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na kumbukumbu ndogo mno. Mapango mengi yangewekwaje humo, mraba kwa mraba? Liepa hakuyaweka hivyo. Aliipa mashine namba chache tu, nazo ni kama kiganja cha mbegu. Mashine huzipanda kwa kanuni yake, zikatawanyika mawe hapa na almasi pale, kana kwamba ni ovyo ovyo. Lakini mbegu ikiwa ile ile, pango huota lile lile kila siku, kwa kila mchezaji, tangu siku ile hata leo. Akitaka mawe yawe mengi au machache, hubadili kipimo. Kisha juu yake alitia kuta, milango na wadudu kwa mkono wake. Mapango yalikuwa 16, yaliyopewa herufi kutoka A mpaka P, na kila baada ya manne palikuwa na chumba kidogo cha fumbo, ambacho ukifa ndani yake hupunguziwi uhai. Madaraja ya ugumu yalikuwa 5.

Kampuni ya First Star Software ya New York ndiyo iliyoutoa, mwaka 1984. Penye jina la watungaji waliandika kwamba ni wa Peter Liepa, pamoja na Chris Gray. Nalimwuliza mjukuu wangu aonaje, yule kijana alidhulumiwa au alipewa haki yake? Akafikiri. Akasema, "Babu, yule alileta udongo, huyu akaleta mawe kuanguka." Sikuwa na la kuongeza.

Baadaye ukawa ukoo mzima. Boulder Dash II ulitoka mwaka 1985, wa tatu mwaka 1986. Ulipelekwa katika mashine za kila namna, Commodore 64 na nyinginezo, hata katika mashine kubwa za kutumbukiza sarafu zilizokaa katika kumbi za michezo. Desturi ya wakati ule ilikuwa mchezo utoke ukumbini kwenda nyumbani. Huu ulitoka nyumbani kwenda ukumbini. Na waigaji hawakukosa: Repton huko Uingereza mwaka 1985, Emerald Mine mwaka 1987, Supaplex mwaka 1991. Mwaka 2018 mchezo ulinunuliwa na kampuni ya BBG Entertainment ya Ujerumani, na mwaka 2025 likatoka toleo la kuadhimisha miaka 40. Watoto waliochimba pango la A mwaka ule wa kwanza, leo wengine wao ni babu kama mimi.

Lakini katika ukoo huo kuna mmoja uliokuwa na maana kubwa kwangu kuliko wote. Mwaka 1986 ulitoka Boulder Dash Construction Kit. Huo ni mchezo na pia ni vyombo vya ujenzi: mchezaji hupewa udongo, mawe, almasi, kuta na wadudu, akaambiwa, jenga pango lako mwenyewe. Tangu hapo watu katika nchi nyingi wamejenga mapango yao wakapelekeana, mmoja akimtegea mwenziwe fumbo.

Sasa mmekwisha kuelewa, wasomaji, nilichana nini. Kurasa mbili za daftari, miraba iliyohesabiwa 40 kwa 22, viduara ni mawe, vinyota ni almasi, miraba myeusi ni kuta. Mtoto alikuwa akijenga pango. Na kujenga pango si kutawanya mawe tu. Sharti ujue kila jiwe litaangukia wapi likifunguliwa, na lile la pili litafanyaje baada ya la kwanza, na kama mchezaji akianzia kushoto badala ya kulia ataweza kutoka au atazikwa. Almasi ziwe za kutosha, na muda uwe mfupi bila kuwa wa dhuluma. Alikuwa ameandika kandokando hesabu za hatua. Mimi, mzee niliyefundisha hesabu miaka mingi, nalizichana hesabu kwa sababu hazikuwa zile za kitabuni.

Nikamwomba radhi. Najua wako miongoni mwenu wanaoona kwamba mkubwa akimwomba mtoto radhi heshima yapungua. Nami nalikuwa na mawazo hayo. Nalimwambia, "Mjukuu wangu, nilikosa. Nilichana kazi yako bila kuitazama." Alikaa kimya kidogo, akasema, "Haidhuru, babu. Lile pango lilikuwa na kosa, jiwe la upande wa juu lilikuwa linaziba mlango." Sijui kama kosa hilo lilikuwako kweli, au alilitunga ili anipunguzie aibu. Sikumwuliza.

Basi, mama mpenzi uliyeniandikia, jibu langu jipya ndilo hili. Kabla ya kumnyang'anya, vuta kigoda ukae karibu naye. Mwambie akuonyeshe, kisha mwambie akupe nafasi ucheze wewe. Utaaibika, lakini kwa nusu saa utajua mengi. Maana jina "michezo ya kompyuta" ni moja, na vilivyomo ndani yake ni vingi. Ukikuta ni mchezo wa kubahatisha, wa kutia fedha na kungoja picha zifanane, uufunge siku hiyo hiyo bila huruma; huko jiwe huanguka kwa mapenzi ya mwenye mashine, wala mtoto hata akitazama juu mwaka mzima hatalizuia. Ukikuta ni mchezo ulio bure lakini kila kitambo kidogo wamwambia anunue hiki na kile, uwe na macho mawili. Lakini ukikuta mchezo wenye sheria, ambao akishindwa aweza kukuambia kwa nini ameshindwa, usiwe na haraka.

Juu ya chakula kupoa, hapo niko pamoja nawe. Mchezo wenyewe una saa. Nyumba nayo na iwe na saa. Kwetu tumepatana na kijana: kazi za shule kwanza, kisha mapango manne, chumba kimoja cha fumbo, na mwisho. Si kila siku mapatano hushikwa. Tena ni lazima niwaambie kwamba ubaya wa mchezo huu umo pale ulipo utamu wake. Ukiisha kupata almasi zako 12 na mlango umefunguka, kila almasi ya ziada huhesabiwa alama nyingi zaidi, 15 badala ya 10. Sekunde zaenda, mlango u wazi, na hapo kando ya jiwe kuna almasi moja inang'aa. Nimemwona mtoto akiiendea na kuzikwa, akakasirika, akaanza tena pango zima. Nami nimefanya hivyo, tena usiku, baada ya wote kulala. Bibi yake alinikuta.

Daftari nimemnunulia jipya, la miraba, si la shule. Pango la kwanza alilolichora humo amelijenga katika kompyuta, akaniandikia juu yake jina langu, akasema ni rahisi, ni la wazee. Lina almasi 9 tu. Nane nimekwisha kuzipata. Ya tisa imo chini ya mawe mawili, upande wa kulia pana ukuta, upande wa kushoto pana kipepeo. Kila jioni mimi hujaribu, naye huketi karibu nami na daftari lake, hasemi neno. Jana nalimwuliza, "Una hakika njia iko?" Akaniambia, "Iko, babu. Tazama juu kwanza." Nimetazama. Bado sijaiona.